Ukuta wa tofali pekee hautoshi

*Najenga fremu za maduka mjini Morogoro, ukuta kwa ukuta na duka la magodoro. Fundi anasema tofali za inchi 6 zinatosha kuzuia moto, lakini ramani imerudishwa. Nimsikilize nani? – Mama Fremu*

Fundi wako hajakosea sana, dada. Ukuta wa tofali za saruji wa inchi 6, uliopigwa lipu pande zote mbili, huhimili moto kwa zaidi ya saa moja. Shida huwa juu: ukuta unaishia usawa wa dari, kisha paa moja la mbao linapita juu ya maduka yote. Moto ukishaingia darini, ukuta hauna kazi tena. Na sponji ya magodoro, ikiwaka, haisubiri mtu.

Basi pandisha ukuta uvuke bati. Mbao za kenchi zisipenye kwenda kwa jirani, na kila tundu la bomba au waya lizibwe kwa zege. Dirisha upande huo, sahau.

Kabla ya kununua tofali zaidi, peleka ramani ofisi ya Zimamoto na Uokoaji ya mkoa. Kurekebisha karatasi ni rahisi kuliko kubomoa lenta.