HAMISHA KIGINGI: Somo juu ya kulisha kondoo kwenye shamba dogo



Msimu mmoja wa mvua nilimtembelea mama mjane aliyefuga kondoo jike wawili. Nyasi ilikuwa kijani kila mahali. Lakini wanakondoo wake watatu walikuwa wamekufa, mmoja baada ya mwingine, na karo ya kijana wake ilitegemea hao. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, yule nyanya jirani ana macho mabaya."

Maneno kama hayo si ya mchezo kwetu. Oktoba 2021, kule Marani, akina mama wazee 4 waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Basi nikamwomba mama anionyeshe mahali kondoo hulishwa. Kigingi kilikuwa hapo hapo kwa miezi. Nyasi ilikuwa imeliwa hadi udongo, na mavi yalijaa duara lote. Nyanya hakuwa na kosa. Kondoo walikuwa wakila minyoo yao wenyewe.

1. Kwa nini kondoo hufa katikati ya nyasi?

Mnyoo mkubwa wa hatari kwa kondoo hukaa tumboni na kunyonya damu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hutoka na mavi, na penye unyevunyevu na joto la kutosha, kwa muda wa wiki moja hivi huwa vijinyoo vinavyopanda kwenye majani. Sehemu kubwa hukaa chini, sentimita 5 za kwanza kutoka udongoni. Na kondoo, tofauti na ng'ombe, hung'ata karibu kabisa na udongo. Sisi wa Kisii na Nyamira tunapata mvua karibu mwaka mzima. Hiyo ni baraka kwa chai na ndizi, lakini pia ni baraka kwa minyoo.

2. Hesabu ya kamba

Wengi wetu hatuna uwanja. Wenzetu wa Borabu, kwenye mashamba ya skimu, wengine wanaweza kugawa malisho kwa ua. Sisi wengine ua wetu ni kamba.

Kamba ya mita 4 humpa kondoo duara la mita mraba 50 hivi. Kipande cha moja ya nane ya ekari kinaweza kupata maduara 8. Mweke kondoo jike na mtoto wake siku 4 kwa kila duara, isizidi. Utamaliza maduara yote kwa siku 32, kwa hiyo kila duara litapumzika wiki 4 kabla kondoo hajarudi. Hapo mvua ikiwepo nyasi ya kikuyu hupata nguvu tena, na kondoo ametoka kabla mayai aliyoyaacha hayajawa hatari.

3. Mambo ya kushika

(a) Ingiza kondoo nyasi ikifika urefu wa kiganja. Mtoe ikibaki upana wa vidole vinne. Usingoje udongo uonekane.

(b) Wiki 4 zinatosha nyasi, lakini kwa baridi ya milima yetu vijinyoo vingine huishi zaidi. Kwa hiyo ukiwa na ng'ombe, mpishe yeye zamu moja. Minyoo wengi wa kondoo hawamwezi ng'ombe. Mbuzi hasaidii, kwa maana minyoo yao ni ile ile.

(c) Duara lililopumzika zaidi ni la mama aliyezaa. Wakati wa kuzaa nguvu yake ya kupigana na minyoo hushuka, na mtoto bado hana yake. Kondoo hubeba mimba miezi 5: akipandwa Oktoba, tayarisha duara safi la Machi.

(d) Asubuhi ngoja umande ukauke.

(e) Kiangazi, au ukiwa na kondoo zaidi, kata na umletee bandani: nepia, majani ya viazi vitamu. Usimlaumu kwa kula udongo kama hukumpa kitu.

4. Je, dawa?

Fungua kope la chini la jicho. Likiwa jekundu, vizuri. Likiwa jeupe kama karatasi, au ukiona uvimbe laini chini ya taya, damu imekwisha: mwite daktari wa mifugo upesi. Dawa ipimwe kwa uzito. Kumpa kidogo ati ili chupa ifike kwa wote ni kufundisha minyoo kuizoea. Ukinunua dume, kumbuka kwamba kondoo mwekundu wa Wamaasai huvumilia minyoo hii kuliko Dorper, ingawa Dorper ni mkubwa.

5. Kondoo ni wa nani?

Hapa nasema kama mfanyakazi wa jamii. Mara nyingi mama huhamisha kamba, mtoto hukosa shule akichunga kando ya barabara, halafu baba peke yake ndiye anayejua bei ya Keroka. Kamba ikihamishwa kwa mpango, mtoto anaenda shule. Na kondoo akiuzwa, nyumba nzima ikae pamoja iamue pesa zifanye nini.

Yule mama alianza kuhamisha kigingi. Uzazi uliofuata alipata wanakondoo watatu. Mmoja alikufa, wawili wakakua, na mmoja wao alikwenda sokoni kwa ajili ya karo. Siku niliyorudi, nyanya jirani alikuwa ameketi pale uani, wakichambua mboga pamoja.

Maswali ya jumuiya

1. Kigingi chako kimekaa mahali pamoja siku ngapi?
2. Mnyama akifa, ni nani wa kwanza tunayemlaumu? Kwa nini?
3. Nani nyumbani kwetu hufanya kazi ya kondoo, na nani huamua pesa?

Kazi ya wiki: pima kamba yako, kisha chora maduara ya shamba lako kwenye karatasi. Lete tukikutana.