Kony 2012: Somo la Dakika Thelathini na Maswali ya Watu wa Lira

Wanachuo wenzangu, fungua leo usiku status za WhatsApp za watu wa darasa lako. Utakuta Gaza, utakuta El Fasher, utakuta Goma, utakuta picha ya mtoto aliyekonda ambayo hata aliyeiweka hajui ilipigwa nchi gani, kisha salamu za bethdei. Sisemi kwa kejeli. Aliyeiweka ameguswa, na kuguswa si kosa. Lakini kwenye bunge letu la wanafunzi kuna pendekezo la kuchapa fulana za kampeni kwa ajili ya Sudan, na pesa yake itatoka mifukoni mwetu, tena kipindi hiki ambacho bumu limechelewa. Kwa hiyo naomba kabla hatujapiga kura tufanye kazi tunayozoeshwa sisi watu wa Elimu: tuchukue somo lililokwisha kufundishwa, tulisome kama andalio, tuulize mwanafunzi alitoka darasani na nini.

Somo nililochagua ni video ya Kony 2012. Wengi wetu tulikuwa shule ya msingi ilipotoka, kwa hiyo nieleze kidogo.

Iliwekwa YouTube tarehe 5 Machi 2012 na shirika la Invisible Children la San Diego, Marekani. Ina urefu wa kama dakika 30. Ndani ya siku sita ilikuwa imetazamwa mara milioni 100, kasi ambayo wakati ule ilishangaza kila mtu. Msimulizi ni Jason Russell, mmoja wa vijana watatu walioanzisha shirika hilo baada ya kufika kaskazini mwa Uganda mwaka 2003. Katika video anamwonyesha mwanawe mdogo picha mbili. Ya kwanza ni ya Joseph Kony, kiongozi wa kundi la Lord's Resistance Army, yaani LRA, ambalo kwa miaka mingi liliteka watoto na kuwageuza askari na wake wa makamanda. Ya pili ni ya Jacob, kijana wa Uganda aliyetekwa na LRA akatoroka, na ambaye ndugu yake aliuawa. Mtoto anaelewa papo hapo: huyu mbaya, huyu rafiki yetu. Video ilipata nguvu zake hapo, na matatizo yake yalianza hapo hapo, maana kuanzia dakika ile watazamaji wote, wenye digrii na wasio nazo, wanafundishwa kwa kiwango cha mtoto wa miaka mitano.

Ukiiweka kwenye fomu ya andalio la somo, inapendeza kweli. Lengo mahsusi: dunia imjue Kony ili akamatwe kabla ya tarehe 31 Desemba 2012. Walengwa wa shinikizo: watu maarufu 20 na watunga sera 12, majina na sura zao zikiwa wazi. Zana: mabango na bangili, unanunua kwenye boksi moja. Kazi ya mwanafunzi: usiku wa tarehe 20 Aprili toka nje, ubandike mabango mji mzima. Lengo linapimika, lina muda, na kila mtu anajua afanye nini. Mkufunzi yeyote wa mbinu za kufundishia angetoa alama za juu. Sasa nenda kwenye safu ya maudhui.

Mwaka 2012 LRA hawakuwa Uganda. Walikuwa wameondoka kaskazini mwa nchi hiyo tangu mwaka 2006, wakati mazungumzo ya amani yakiendelea Juba, wakajichimbia msitu wa Garamba huko Kongo. Mwaka 2008 Kony alikataa kusaini mkataba. Desemba mwaka huo huo jeshi la Uganda likisaidiwa na Marekani lilishambulia kambi zake. Kony akaponyoka, na LRA wakalipiza kisasi kwa wanavijiji wakati wa Krismasi. Desemba 2009 wakaua tena mamia ya watu eneo la Makombo, Haut-Uele. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akimwogopa Kony usiku wa mwaka 2012 alikuwa mkulima wa Dungu au Niangara kule Kongo, au mtu wa Obo katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Wale watoto unaowaona kwenye video wakilala chini kwa mamia mjini Gulu, wakikimbia kutekwa, ni picha za miaka karibu kumi nyuma. Video inataja kuhama kwa LRA, lakini harakaharaka, kama mwalimu anayesikia kengele.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kabisa. Vita vile vilikuwa na pande mbili. Serikali ya Uganda iliwahamishia wananchi wa kaskazini kambini, na kufikia mwaka 2005 waliokuwa wameyahama makazi yao walikaribia milioni 1.8. Mwaka huo uchunguzi wa Wizara ya Afya ya Uganda na Shirika la Afya Duniani ulikadiria kuwa katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader walikuwa wanakufa watu wapatao 1,000 kila wiki zaidi ya idadi ya kawaida. Walioua ni pamoja na malaria na maradhi mengine ya kambini, si panga la Kony peke yake. Aliyeitazama video akaishia hapo, hajui lolote kuhusu kambi hizo.

Halafu kuna suala la Dominic Ongwen, ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Ongwen alikuwa miongoni mwa makamanda watano wa LRA, Kony akiwamo, ambao Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kuwakamata mwaka 2005. Alijisalimisha Januari 2015, na mwaka 2021 alipatikana na hatia kwa makosa 61 na kufungwa miaka 25. Huyo huyo alitekwa na LRA akiwa mtoto, njiani kwenda shule. Sasa umweke kwenye picha ipi kati ya zile mbili? Watu wa kaskazini mwa Uganda walikuwa wameishi na swali hilo miaka mingi, na ndiyo sababu viongozi wa dini kama Askofu Mkuu John Baptist Odama wa Gulu walisukuma mazungumzo, na nchi ikapitisha Sheria ya Msamaha mwaka 2000. Kila ukishambulia kambi ya LRA, unaowapiga risasi ni watoto wa watu waliotekwa. Mtu anaweza kuukubali au kuukataa msimamo wao. Ila mtazamaji wa video hakupewa hata nafasi ya kuujua.

Tuje Lira. Tarehe 13 Machi 2012, siku nane baada ya video kutoka, shirika la vijana la huko huko liitwalo AYINET liliandaa maonyesho ya wazi ili wahusika wenyewe waione filamu iliyotazamwa na dunia nzima. Lira si mji wa kusimuliwa habari za LRA. Si mbali na hapo ipo Barlonyo, ambako mwezi Februari 2004 LRA waliua watu zaidi ya 300 kambini. Watu walikuja kwa maelfu. Walichokiona ni Mmarekani na mwanawe, kisha mabango na fulana zenye jina na sura ya Kony. Wakauliza: mbona sisi hatumo? Kwa nini anayetangazwa ni yeye? Hasira ikapanda, mawe yakarushwa, onyesho likavunjika, na waandaaji wakasitisha maonyesho mengine yaliyokuwa yamepangwa. Nadhani hakuna tathmini ya somo iliyo wazi kuliko ile. Msisitizo wa kampeni ulikuwa kumfanya Kony awe maarufu. Kwa mzazi aliyezika mtoto Barlonyo, umaarufu ni heshima, na sura ile kwenye kifua cha mtu ni tusi.

Haki isemwe, Waganda hawakuwa na sauti moja. Mwandishi wa habari Rosebell Kagumire alirekodi video yake akipinga Mwafrika kuonyeshwa kama mtu asiyejiweza anayengoja mwokozi. Jacob mwenyewe, kwa upande wake, aliitetea filamu, kwa hoja kwamba waliokuwa wakiteswa Kongo na Afrika ya Kati walikuwa wanapitia yale aliyoyapitia yeye. Hoja yake ina uzito, na wanaoibeza video wakipenda kuonekana wajanja huwa wanairuka.

Na hapa ndipo pananisikitisha zaidi, kwa sababu shirika lile lilikuwa na kazi nzuri ambayo karibu hakuna aliyeishea. Kabla ya video, vijana wao walizunguka shule na vyuo vya Marekani miaka kadhaa wakionyesha filamu na kuwabana wabunge wao, ofisi kwa ofisi. Mei 2010 Rais Obama akasaini sheria kuhusu LRA na ujenzi mpya wa kaskazini mwa Uganda. Oktoba 2011 akatuma washauri wa kijeshi kama 100. Angalia tarehe vizuri: yote hayo yalipatikana kabla ya zile milioni 100 za YouTube.

Kazi nyingine ilikuwa ya redio. Huko Haut-Uele vijiji viko mbalimbali, barabara mbovu, mtandao wa simu hakuna. LRA wakipiga kijiji kimoja, cha jirani kitajua kesho yake kikiwa tayari kinaungua. Tume ya Haki na Amani ya jimbo Katoliki la Dungu-Doruma, ikisaidiwa na Invisible Children, ilieneza redio za mawasiliano ya masafa marefu vijijini. Mtu wa kijiji anafundishwa kuitumia, na kila siku kwa saa zilizopangwa vijiji vinaitana: kwenu kukoje, mmeona nani, wamepita upande gani. Taarifa hizo zilikusanywa pia kwenye ramani ya intaneti iliyoanza mwaka 2011, ambayo yeyote angeweza kuifungua. Vilevile kulikuwa na matangazo ya redio na vipeperushi vya kuwaita wapiganaji warudi nyumbani, na wapo waliorudi. Hiyo ndiyo kazi. Haina nyota wa filamu, na haiingii kwenye status ya sekunde thelathini. Lakini anayezungumza kwenye ile redio ni mwenye shida mwenyewe, na anayemsikia ni jirani yake anayehitaji kukimbia sasa hivi.

Usiku wa tarehe 20 Aprili ulipofika, mitaa ya miji mingi ilikuwa mitupu. Vancouver, Kanada, ambako maelfu walijiandikisha kwenye Facebook kuwa watatoka, iliripotiwa kuwa waliofika hawakutimia hata ishirini. Na katika mwezi ule ule wa Aprili, Kivu Kaskazini, katika Kongo hiyo hiyo, askari walianza kuasi jeshi, uasi uliozaa M23. Novemba wakaingia Goma. Wale watazamaji milioni 100 walikuwa wamefundishwa jina moja tu, na jina hilo halikuwa la huko.

Kony hadi leo hajakamatwa. Marekani na Uganda zilisitisha msako mwaka 2017, zikisema kundi limebaki na watu wachache. Mwaka 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilisikiliza mashtaka dhidi yake yeye mwenyewe akiwa hayupo.

Mtu atasema hayo ni ya zamani. Juni 2019, baada ya waandamanaji kuuawa Khartoum, watu duniani walibadilisha picha zao za wasifu kuwa rangi ya buluu kwa ajili ya Sudan. Ikajitokeza akaunti ya Instagram iliyoahidi kuwapelekea Wasudani mlo ukiifuata na kuisambaza. Wafuasi wakajaa kwa mamia ya maelfu. Mlo haukuwapo. Mei 2024 picha ya kuhimiza macho yote yaelekee Rafah ilisambazwa mara zaidi ya milioni 40, na ilitengenezwa na akili bandia: mahema yamepangwa vizuri, mtu hata mmoja huoni. Waandishi wa Gaza walikuwa wanapiga picha halisi siku zile zile.

Sasa turudi kwenye pendekezo la fulana. Tangu vita vianze Sudan, Aprili 2023, vijana wa mitaa ya huko wamejiundia kamati wanazoziita vyumba vya dharura. Wanaendesha majiko ya jamii, wanatafuta dawa, wanahamisha wagonjwa. Wengi ni rika letu. Wanachokosa ni pesa ya unga, dengu na kuni. Na sisi hatuna haja ya kukisia wanataka nini. Baada ya vyuo vya Khartoum kufungwa kwa vita, kuna wanafunzi wa udaktari kutoka huko waliokuja kuendelea na mafunzo yao Muhimbili. Daladala inafika.

Ombi langu kwa bunge la wanafunzi, na niko tayari kulisimamia mwenyewe, ni kwamba kura ya fulana iahirishwe wiki mbili. Katika wiki hizo tuwaalike Wasudani hao, atafutwe mwenzetu wa Kiarabu asaidie kutafsiri, na wao ndio wakae mbele. Tuwaulize watu wao wana shida gani mwezi huu, siyo mwaka juzi. Pesa ikipatikana ipitie kwa nani na tutapataje risiti. Na ni picha gani wasingependa kuiona kifuani mwa mtu hapa chuoni. Watakaokuja waje na kalamu. Mimi nitaandika kumbukumbu za kikao, zitabandikwa kwenye ubao wa kafteria siku inayofuata.