Kusakinisha na Kutendua: Somo Fupi la Kufungasha Programu

Makala haya yametokana na kazi ndogo iliyofanyika mtaani Umoja, Nairobi, ambapo mimi na mwenzangu, sote wanafunzi wa Kiswahili, tulitengeneza programu ya kuhifadhi msamiati wa Sheng ya Eastlands. Tuliifungua kutoka kwenye diski ya flashi katika saiba ya jirani, tukaunda njia ya mkato kwenye eneokazi, tukaenda zetu. Kesho yake ikoni ilikuwepo, lakini ilipobofywa haikufungua kitu.

Njia ya mkato haibebi programu. Hubeba anwani tu. Yetu ilielekeza kwenye flashi iliyokwisha kuchomolewa. Ndipo tulipotambua haja ya kisakinishi.

Tulitumia Inno Setup, zana isiyolipiwa iliyotungwa na Jordan Russell na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1997. Mtumiaji huandika hati yenye sehemu kadhaa. Sehemu ya Setup hutaja jina la programu, toleo, na AppId, ambacho ni kitambulisho kisichopaswa kubadilika; kikibadilika katika toleo jipya, Windows huorodhesha programu mbili badala ya moja. Sehemu ya Files hueleza faili zipi zinakiliwe na wapi. Sehemu ya Icons huunda njia za mkato. Hapa anwani ianze kwa neno app lililotiwa ndani ya mabano yaliyopindapinda, wala si kwa herufi ya diski. Neno hilo hufanya kazi ya kiwakilishi: hurejelea folda yoyote aliyoichagua anayesakinisha.

Upande wa kuondoa una utamu wake wa kiisimu. Sakinisha ni kufanya kitu kikae. Je, kinyume chake? Funga hutupa fungua, ziba hutupa zibua, kunja hutupa kunjua. Lakini vitenzi vya mkopo havikubali kauli ya kutendua kwa urahisi. Wapo waliojaribu sanidua kutokana na sanidi. Kwa maoni yangu, ondoa yatosha kuandikwa kwenye kitufe, ijapokuwa kutendua ndiko kunakoieleza kazi yenyewe barabara. Kiondoaji cha Inno Setup hakibahatishi: husoma kumbukumbu iliyoandikwa wakati wa kusakinisha, katika faili ya unins000.dat, kikatangua yaliyomo humo.

Sisi hatukuridhika na hilo. Kwa kupenda unadhifu tuliongeza sehemu ya UninstallDelete, tukaamuru folda nzima ya programu ifutwe. Mwenzangu akaondoa toleo la zamani ili aweke jipya. Faili ya msamiati ilikuwa humo humo: maneno ya miezi saba, aliyoyakusanya kwenye vituo vya matatu na vinyozi vya Umoja. Nakala nyingine haikuwepo.

Amri ile tuliifuta, na data tukaihamishia folda ya nyaraka za mtumiaji. Hapo ndipo pake hata hivyo, kwani tangu Windows Vista ya mwaka 2007 programu ya mtumiaji wa kawaida haitarajiwi kuandika ndani ya Program Files. Sasa kila toleo tunalijaribu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona programu: tunasakinisha, tunachomoa flashi, tunabofya ikoni, tunaingiza neno moja, tunaondoa, kisha tunatazama kama neno lile limesalia.

Baadhi ya maneno yaliyopotea tumeyarejesha kwa kuwauliza upya makondakta. Mengine wenyewe wamekwisha kuyaacha.