Kioo cha Ridaksheni: Namna ya Kuipa Shanga Mng'ao wa Metali

Ukikitazama kijiti cha kioo cha ridaksheni kabla hakijapita motoni, huoni sababu ya bei yake. Vingi ni vya kahawia au manjano iliyopauka. Thamani yake imo ndani: fedha, au shaba, iliyoyeyushwa kiwandani pamoja na kioo. Kioo hicho kikikutana na moto ulionyimwa oksijeni, yaani moto wa ridaksheni, gesi ambayo haijaungua huitafuta oksijeni popote ilipo, na huinyang'anya hata kutoka kwenye uso wa kioo. Fedha hubaki metali tupu, utando mwembamba mno juu ya ushanga, na mwanga ukiupiga huonekana fedha, zambarau, buluu na kijani, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji.

Kanuni hii ni ya kale kuliko vichomeo vya gesi. Mafundi wa Misri walichora juu ya vyombo vya kioo kwa michanganyiko ya fedha na shaba, kisha wakavichoma katika tanuri lenye moshi mwingi na hewa kidogo. Kikombe kimoja cha aina hiyo kilichopatikana Fustat kina jina la Abd al-Samad ibn Ali, aliyekuwa gavana wa Misri mwaka 773. Leo kazi ya kuchanganya fedha na kioo hufanywa na viwanda kama Reichenbach cha Ujerumani na Double Helix cha Marekani, na mtengeneza shanga hubakiwa na kazi ya moto tu.

Kabla ya kununua, angalia namba ya kutanuka. Vijiti vingi vya shanga za moto, vikiwemo vya Effetre vya Murano, ni vya 104. Maana yake, kwa kila nyuzi moja ya joto kioo hutanuka kwa sehemu 104 katika milioni kumi. Kioo cha ridaksheni utakachoweka juu yake lazima kiwe cha namba hiyo, la sivyo ushanga utapasuka ukipoa, au wiki moja baada ya kuuzwa. Chupa za soda na bia hutanuka kidogo kuliko hapo, kwa hiyo anayetengeneza shanga za chupa asichanganye.

Nashauri kuanza na kitu cha bei nafuu. Kijiti cha feruzi cha kawaida cha Effetre kina shaba, na kwenye moto wenye gesi nyingi hutoa wekundu wa tofali uliochanganyika na mng'ao wa metali. Wengi huuona wekundu huo kuwa balaa, kwani huwatokea bila kuutaka. Kwako uwe somo la bure la kuutambua moto wenye upungufu wa oksijeni.

Moto wenyewe hujieleza. Oksijeni ikitosha, ndimi ndogo za buluu mdomoni mwa kichomeo huwa fupi, zenye ncha kali, na moto huvuma. Punguza oksijeni kidogo kidogo, au ongeza gesi, na ndimi zitarefuka, zitaungana, moto utalegea na ncha yake kugeuka ya njano. Simama hapo. Moto ukianza kutoa masizi umepita kiasi, na utaupaka ushanga weusi badala ya mng'ao. Wanaotumia kichomeo kisicho na oksijeni ya mtungi, kile kinachovuta hewa kwa matundu ya pembeni, huziba sehemu ya matundu hayo kwa karatasi ya alumini. Hupata mng'ao, ila udhibiti wake ni mdogo.

Lakini kosa linaloharibu shanga nyingi haliko kwenye gesi. Liko kwenye joto. Watu huingiza ushanga katika moto wa ridaksheni ukiwa bado mwekundu, na fedha hujaa juu yake hadi unakuwa kijivu cha majivu. Malizia umbo lote kwanza katika moto wenye oksijeni nyingi. Utoe motoni, uuzungushe, usubiri wekundu uishe kabisa na umbo likaze. Ndipo ubadilishe moto, uupitishe ushanga katika sehemu ya nje, mbali na mdomo wa kichomeo, kwa sekunde tatu hadi tano, uutoe na kuutazama. Haujatosha? Rudia. Ni afadhali mapito matatu mafupi kuliko moja refu.

Uzuri ni kwamba kosa hili linarekebishika. Ushanga uliopauka ukiurudisha katika moto mkali wenye oksijeni, utando huungua na kutoweka, nawe unaanza upya. Jambo hilohilo ndilo linaloponza wanaofunika mng'ao kwa kioo kisicho na rangi: wakichelewa juu ya moto mkali, wanachofunika ni kioo kitupu. Paka tabaka jembamba, haraka.

Rangi ya chini nayo ina neno. Juu ya nyeusi, au buluu iliyokolea, metali huonekana vizuri. Juu ya nyeupe hufifia. Juu ya rangi ya pembe, fedha huacha madoa ya kahawia na mistari myeusi, na wapo wanaoyatafuta kwa makusudi.

Ukishapata unachotaka, usiuache ushanga mezani. Uingize tanurini kwenye nyuzi 510 za Selsiasi hivi, uukalishe humo, kisha tanuri lishushe joto polepole. Tanuri liwe safi, pasiwe na karatasi wala kitambaa kinachoungua ndani.

Sasa usalama, maana hapa moto wa ridaksheni unazidi moto mwingine kwa hatari. Gesi isiyoungua vizuri hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na huua. Dirisha moja lililo wazi halitoshi. Weka feni inayovuta hewa kutoka juu ya meza kuipeleka nje, na mlango wa kuingizia hewa safi nyuma yako. Ukihisi kichwa kinauma au kizunguzungu, zima moto utoke nje. Gesi ya propani ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, kwa hiyo mtungi ukae nje ya nyumba. Viungio vya oksijeni visiguswe na mafuta wala grisi. Wakati wa kuwasha, gesi hutangulia na oksijeni hufuata. Wakati wa kuzima, oksijeni hufungwa kwanza, gesi mwisho.

Ushanga ukishapoa, usafishe tundu lake ukiwa umelowa maji, kwa sababu vumbi la udongo uliopakwa kwenye waya ulioviringishiwa ushanga halifai kuvutwa. Usiusugue kwa msasa. Utando ule ni mwembamba na hautarudi bila moto.