Jiko la Kuni la Kuchukua Kambini Uluguru



Baadhi yenu mmeuliza ofisini mchukue jiko gani mtakapokwenda Morogoro kutazama mikarafuu ya Matombo, Tawa na Kinole, na kisha kulala hemani siku mbili tatu milimani Uluguru. Suali hili ni zuri, maana mtu wa kisiwani akisikia kambi hufikiri dago la wavuvi, ambako mafiga matatu na kuni za kuokota ufukweni zatosha. Mlimani mambo ni mengine. Morogoro huitwa mji kasoro bahari, lakini mvua haikukosa: pepo za bahari yetu hii hii hupiga ubavu wa mashariki wa Uluguru na kumwaga maji huko, na ndiko utokako mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo kuni huwa mbichi, majani huwa na maji mchana kutwa, na ukipanda juu baridi ya usiku huuma.

Tuanze na jiko lenyewe. Mafiga hayana gharama, walakini moto wake hutawanyika pande zote, na sufuria hupata sehemu ndogo tu ya joto. Tena msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mtu huingia kwa kibali na hakati mti. Kuni itakubidi uzinunue vijijini na kuzipandisha mwenyewe, basi jiko lenye kula kuni sana ni adui wa mgongo wako. Mtungi wa gesi wa kilo 6, ukiongeza uzito wa chuma chake, si mzigo wa kupanda nao mlima. Seredani ya mkaa nayo ni nzito, na ina hatari nitakayoieleza mbele.

Linalofaa ni lile liitwalo jiko la roketi. Kanuni zake ziliwekwa na Mmarekani Larry Winiarski mwaka 1982. Jina lake latisha bure, kwani ni bomba tu lililopindika kama kiwiko cha mkono, limesimamishwa ndani ya debe la bati. Kuni huingia kwa mdomo wa chini, moto hupanda bombani, na sufuria hukaa juu. Baina ya bomba na debe hujazwa majivu makavu, ili joto lisipotelee kwenye bati. Fundi bati yeyote aweza kulifanya. Mwambie bomba liwe na upana wa sentimita 10 hivi, na sehemu inayopanda iwe na urefu wa mara mbili ya upana huo au zaidi. Juu pawe na vyuma vitatu vya kuinua sufuria kiasi cha upana wa kidole, moshi upate pa kutokea. Jambo la kutazama sana ni kipande cha bati kinachogawa mdomo wa chini, kuni zipite juu yake na hewa ipite chini yake. Mafundi wengi hukiacha kwa kuona si kitu, kumbe bila hicho moto hukosa pumzi na jiko likatoa moshi mtupu. Usilipe mpaka ukione.

Bati jipya liwashwe kwanza uwanjani mara mbili tatu bila ya chakula, mpaka rangi na zinki zimalize kuungua, na moshi wake usiuvute. Safarini debe lichukuliwe tupu, na ndani mtie vyombo na mchele. Majivu yaombwe kijijini cha mwisho kabla ya kupanda. Hakuna Mluguru atakayewauzia majivu.

Mkifika kambini, tafuta mahali palipo sawa, fagia majani mpaka uone udongo, na utandaze mawe bapa chini ya jiko. Liwe mbali na hema si chini ya hatua tano, maana hema za siku hizi ni za nailoni na cheche moja huzitoboa. Kumbuka pia kwamba milimani upepo hubadilika: mchana aghalabu hupanda kutoka bondeni, na usiku hushuka kutoka kileleni. Kwa hiyo jiko la jioni liwekwe upande wa chini wa hema, moshi na cheche ziende bondeni.

Kuni ziwe nene kiasi cha kidole gumba, zisukumwe ndani kidogo kidogo kadiri ncha zinavyoungua. Ukipata gogo lililoloa, lipasue. Aghalabu moyo wake ni mkavu. Cha kuwashia ni makumbi na vifuu vya nazi, vitu vyepesi ambavyo sisi tunavyo tele. Najua wapo watakaotia makonyo mfukoni kwa kazi hiyo. Makonyo yana mafuta na yana bei. Yapelekeni kituoni yakauzwe.

Maharage yaacheni mjini. Kilele cha Lupanga kina mita 2,138, na huko maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi, si 100, basi maharage hayalainiki upesi hata uchochee vipi. Wali huiva, ukifunikwa vizuri na jiwe juu ya kifuniko.

Sasa hiyo hatari. Mvua ikianza usiku na watu wanatetemeka, mmoja atasema jiko liingizwe hemani. Asisikilizwe, hata akiwa ni mkubwa wenu. Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika mahali pa hewa tunayoihitaji. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na wengi hawaamki. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo mabaya zaidi, kwani watu huyadhani salama. Hiyo ndiyo hatari ya seredani. Kuacha mlango wa hema wazi kidogo hakutoshi. Aliyepatwa atolewe nje mara moja kwenye hewa safi, kisha apelekwe hospitali hata akisema amepona.

Dawa ya mvua ni turubai lililofungwa juu, wazi pande zote, jiko likae chini yake. Dawa ya baridi ni blanketi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa sawasawa na kuviringwa nguo. Haya yanahusu pia mabanda ya wachumaji huku kwetu wakati wa msimu, ambako watoto hulala pamoja na mama zao na seredani huachwa kona ya banda ikaushe nguo. Mwenye shamba alitazame hilo mwenyewe kila jioni kabla hajaondoka.

Mchoro wa jiko wenye vipimo uko ofisini. Mwenye kuutaka aje na karatasi yake anakili.