Mfanyieni sensei hafla angali hai

Karate ya Goju-Ryu ililetwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha katika Shule ya Sekondari Zanaki. Dojo lile likajulikana kama Hekalu la Kujilinda. Vijana waliotoka jasho pale leo ni wazee, na kazi yao imesambaa hadi kwenye madarasa ya jioni ya Kinondoni na Temeke, ambako watoto wa msingi wanapiga ngumi hewani juu ya sakafu ya saruji. Kama dojo lenu linaye mzee wa aina hiyo, au aliyefundishwa na mzee wa aina hiyo, msisubiri turubai la msiba ndipo muandike risala.

Anzeni na ukoo wake wa karate. Goju-Ryu yote inarudi kwa Chojun Miyagi wa Okinawa, aliyefariki mwaka 1953, na kwa mwalimu wake Kanryo Higaonna. Kutoka hapo hadi Tandika au Mwananyamala kuna majina ambayo sensei wenu anayajua kichwani na pengine hayajaandikwa popote. Nani alimfunga mkanda mweusi? Mwaka gani, mbele ya nani? Vyeti vipigwe picha, hata vilivyoliwa na mchwa, na picha za zamani ziandikwe nyuma majina ya waliomo kabla wa mwisho anayewatambua hajasahau.

Usimkalishe mbele ya kamera ukamwambia asimulie historia. Atakupa dakika tano za kumshukuru Mungu na wazazi, basi. Mpeni kiti pembeni ya uwanja, kisha mwanafunzi mmoja apige kata, yaani mfululizo wa mapigo uliopangwa, mbele yake, tuseme ile iitwayo Saifa, polepole. Hatavumilia. Ataanza kwa kusema mguu umekaa vibaya, atasimama amrekebishe nyonga, halafu atakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyopigwa kofi la bega kwa kosa lile lile, na nani alikuwepo siku hiyo. Historia iko hapo. Simu moja irekodi miguu na mikono, nyingine iwekwe karibu naye kwa ajili ya sauti, maana kelele za bajaji barabarani zitameza nusu ya maneno. Rudieni kwa kata nyingine wiki nyingine. Hili ndilo ningelifanya kwanza hata kama hafla yenyewe isingefanyika.

Halafu kuna waliohama. Madojo ya mjini yanagawanyika kama vyama vya siasa: huyu alikwenda mtindo mwingine, yule aligombana juu ya ada, wa tatu akafungua lake mtaa wa pili na kuchukua nusu ya wanafunzi. Sensei anawakumbuka wote, na wengi wao wangependa kuja kwenye hafla ila hawajui watapokelewaje. Ujumbe wa WhatsApp hautoshi. Watumeni wawili wenye mvi, waende nyumbani kwa kila aliyehama, wamwamkie, wamwambie siku na saa. Wasiongee ugomvi hata akiuanzisha yeye.

Ukumbi wa shule unafaa kuliko wa hoteli, na asubuhi inafaa kuliko jioni. Mjulisheni mapema mtendaji wa mtaa, hasa kama mtafunga spika. Maonyesho yaanze na mikanda myeupe, wapande hadi wakongwe, na wakongwe wasione haya ya vitambi. Hotuba ziwe tatu, si zaidi. Mgeni rasmi akichelewa, anzeni. Msimlazimishe mzee kupiga magoti kwa muda mrefu kwenye saruji. Wanafunzi wapige magoti, yeye akae kitini, na mkewe akae kando yake, maana jioni zote zile zilitoka kwenye muda wa nyumba yake.

Kuna watakaotaka kumpa daraja la heshima. Hapo tulieni. Dani, yaani daraja la mkanda mweusi, hutolewa na chama cha mtindo husika, na mfumo wenyewe karate iliuchukua kutoka judo ya Jigoro Kano. Mkanda mwekundu, katika mitindo mingi, ni wa dani ya tisa na ya kumi. Mkimvika mliouagiza dukani, mnampa aibu mbele ya watu wanaojua. Andikieni chama mapema, na jibu lisipokuja, acheni. Vilevile asije mtu mwema akamnunulia mkanda mweusi mpya kwa sababu wa zamani umechakaa hadi nyuzi nyeupe zinaonekana. Mkanda ule ameuchakaza mwenyewe kwa kuufunga, na hatauacha.

Zawadi sasa. Ngao za kioo anazo, zimejaa vumbi juu ya kabati la televisheni. Mwulizeni mama wa nyumba, faragha, kipi kinahitajika: bima ya afya ya mwaka, dawa za presha, bati la chumba cha uani. Kamati iwe na mweka hazina mmoja na namba moja ya kupokelea michango, na aliyetoa elfu mbili atajwe kwenye orodha sawa na aliyetoa laki mbili. Ukumbi na chakula visile zaidi ya theluthi. Hesabu isomwe kwenye grupu ndani ya wiki hiyo, salio apelekewe mzee mkononi, na mpelekaji aende na simu iliyojaa chaji, kwa sababu kata zilizobaki hazijarekodiwa.