Hamu ya Kwao: Kiswahili na Kumbukumbu ya Mahali pa Ugenini, kwa Mfano wa Kaya Kinondo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoeleza hali ya mtu kupatamani tena mahali alipopita safarini, mahali ambapo si kwao. Yanaonyesha kwamba, ingawa lugha haina jina moja la hali hiyo, viambishi vya mahali, viungo vinavyofuata neno hamu, pamoja na vimilikishi kwetu, kwao na kwangu, huigawa hali hiyo kwa makini. Mfano mkuu ni Kaya Kinondo, Kwale. Hoja ya makala ni kwamba uchaguzi wa maumbo hayo si jambo la sarufi peke yake, kwani hudhihirisha iwapo msafiri anawakumbuka wenyeji au amewasahau.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema tembea uone. Hawakueleza, hata hivyo, itakuwaje kwa mtu aliyekwisha kutembea, akaona, akarudi kwao salama, kisha moyo wake ukabaki kule alikotoka. Hali hiyo si ngeni. Mwalimu kutoka bara aliyefundisha Msambweni kwa miaka miwili, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyefika pwani kwa ziara ya siku tatu, na mtalii aliyekaa Diani juma moja, wote huweza kusikia, miezi mingi baadaye, harufu ya samaki wa kukaanga au mvumo wa bahari ya kusi, wakashikwa na simanzi wasiyoweza kuieleza. Watu hawa wana kwao, wala hawakufukuzwa. Wanachokikosa si nyumbani.

Istilahi iliyoenea katika taaluma za Ulaya haiwatoshi watu hawa. Mwaka 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari mjini Basel, aliunda neno nostaljia kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja likimaanisha kurejea nyumbani na jingine maumivu. Alikusudia kutaja maradhi ya watu waliodhoofika kwa kuwa mbali na nchi yao. Baadaye maana ya neno hilo ilipanuka hadi ikahusu pia wakati uliopita, lakini msingi wake ulibaki kuwa marejeo ya nyumbani. Je, aliyerejea nyumbani na bado akawa na maumivu aitweje? Swali hili linafaa kuulizwa kwa Kiswahili, lugha iliyokuzwa kwa sehemu kubwa na wasafiri wa baharini na wa misafara ya bara.

2.0 Msamiati wa Hamu

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana katika uwanja huu: hamu, shauku, simanzi, kihoro, upweke na ukiwa. Hakuna hata moja linalobeba ndani yake wazo la nyumbani. Shauku huelekea mbele, kwa jambo linalongojwa. Kihoro huelekea nyuma, kwa kilichopotea kisirudi. Ukiwa ni neno la pekee kwa sababu huweza kusemwa kwa mtu na kwa mahali pia. Mtu huona ukiwa baada ya wenzake kuondoka, na nyumba iliyohamwa nayo huwa na ukiwa. Kwa neno hilo, aliyeachwa na palipoachwa husemwa kwa kipimo kimoja.

Neno linalotumika zaidi ni hamu, na hapo kiungo kinachofuata kina uzito wake. Husemwa hamu ya embe, hamu ya pilau, hamu ya kusafiri. Husemwa pia ana hamu na mamaye, nina hamu nawe. Katika kundi la kwanza kinachotamaniwa ni kitu cha kupatwa au tendo la kutendwa, na kikishapatikana hamu hukatika. Katika kundi la pili anayetamaniwa ni mtu wa kukutana naye, na kukutana huko hakummalizi. Basi msemaji anayesema ana hamu ya Kinondo na yule anayesema ana hamu na Kinondo hawasemi jambo moja. Wa kwanza anataka kupata kitu alichokionja. Wa pili amepafanya mahali kuwa kama mwenzake.

3.0 Viambishi vya Mahali na Kumbukumbu

Wanafunzi wa sarufi hufundishwa mapema kuwa ngeli ya mahali ina viambishi vitatu: PA kwa mahali mahsusi, KU kwa mahali pasipo mipaka dhahiri au palipo mbali, na MU kwa mahali pa ndani. Mara nyingi somo huishia hapo, pamoja na jedwali na mazoezi ya upatanisho. Ni nadra kuulizwa viambishi hivyo hufanya kazi gani katika hisia.

Tuchukue mgeni aliyezuru msitu wa Kinondo. Kabla ya kuingia alisimama pale penye njia, akafungwa kaniki kiunoni. Kisha akaingia mle msituni, akafuata nyuma ya kiongozi wake. Akiisha kurudi Nairobi, Kampala au Morogoro, atasimulia habari za kule. Ziara nzima imepita katika pale, mle na kule, na kumbukumbu yake huweza kurudi kwa njia hizo tatu. Atasema napakumbuka, akiwa na mahali mahsusi akilini: mti fulani, au jiwe alilokalia. Atasema namkumbuka, akiwaza kivuli cha ndani ya msitu. Atasema nakukumbuka, akiwaza upande ule wote wa nchi, pamoja na upepo na watu wake.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Kiambishi cha mtendwa -ku- cha mahali kina umbo lilelile la -ku- ya nafsi ya pili umoja. Vivyo hivyo -m- ya mahali pa ndani hulingana na -m- ya nafsi ya tatu umoja. Ni -pa- peke yake isiyochanganyika na mtu yeyote. Kwa hiyo sentensi “Kinondo, nakukumbuka” ina maana mbili: nakumbuka kule, na nakukumbuka wewe. Kihistoria haya ni mofimu mbalimbali zilizofanana umbo, na haifai kudai kwamba Waswahili wa kale walidhani mahali ni mtu. Hata hivyo, mfanano huo ni mali ya msemaji wa leo, na msanii mwangalifu anaweza kuutumia kwa makusudi. Msomaji naye hana budi kuuliza ni maana ipi iliyokusudiwa, au kama zote mbili zinaishi pamoja.

Mali hiyo inapungua. Katika mazungumzo ya vijana husikika nimeimisi Diani, ambapo kitenzi cha kukopa kimekuja na kiambishi -i-, kana kwamba Diani ni kitu kama kalamu au simu. Upatanisho wa aina hiyo si kosa daima. Jina la mji huweza kuchukua upatanisho wa I-ZI mji unapotajwa kama chombo kimoja, mfano Mombasa imekua. Lakini mahali panapotajwa daima kwa I-, na wala si kwa PA, KU au MU, hupoteza undani wake, pakawa kama bidhaa inayotazamwa kutoka nje.

4.0 Kaya Kinondo: Nyumbani kwa Nani?

Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 30, ulioko karibu na ufuo kusini mwa Diani. Ni mmojawapo wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyotiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mapokeo ya Wamijikenda husimulia kwamba wahenga wao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakajenga makazi yenye maboma katikati ya misitu. Kwa mujibu wa maelezo ya UNESCO, makazi hayo yalianza kujengwa katika karne ya 16 na kufikia miaka ya 1940 yalikuwa yamehamwa. Watu walitoka kwenda kulima na kukaa vijijini. Misitu ilibaki, ikawa makao ya mizimu ya wahenga, mahali pa matambiko, chini ya ulinzi wa wazee wa kaya.

Jina lenyewe lina somo. Katika Kidigo na lugha nyingine za Kimijikenda, kaya ni makazi, ni nyumbani. Kiswahili nacho kina neno hilo, na nchini Tanzania hutumika kila siku kwa maana ya watu wa nyumba moja, kama katika sensa inapotajwa mkuu wa kaya. Kwa hiyo mgeni anayezuru Kaya Kinondo anazuru mahali panapoitwa nyumbani, ambapo hakuna anayelala. Wenyewe walikwisha kuhama, nao hupaendea kama watu wanaorejea. Hamu ya mgeni inakuta hamu nyingine iliyotangulia, ya wenyeji kwa kwao pa kale.

Tangu mwaka 2001 msitu huo umepokea wageni chini ya mpango wa utalii unaoshirikisha jamii. Mgeni hufungwa kaniki, huongozwa na mwenyeji, huelezwa matumizi ya miti na mwiko wa mahali, na huweza kuelekezwa aukumbatie mti mkubwa na kunong'ona dua yake. Sharti moja linahusu mada yetu moja kwa moja: hakuna ruhusa ya kuchukua chochote. Jani, kijiti, jiwe, vyote hubaki. Mgeni hurudi na kumbukumbu tu. Sharti hilo ni la dini na la hifadhi ya mazingira, lakini ni fundisho pia kuhusu hamu. Mahali panaruhusu kukumbukwa, hapatoi kipande cha kupeleka mbali.

5.0 Kwetu, Kwao, Kwangu

Vimilikishi vya mahali ndivyo vinavyokamilisha hoja. Kwetu humaanisha nyumbani, bila kuhitaji neno nyumba. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba hata mtu mmoja husema kwetu, akimaanisha kwa wazazi, ukoo au kijiji chake, ilhali kwangu ni kwenye nyumba yangu mwenyewe. Kwetu hujengwa na watu, kwangu huweza kununuliwa.

Msafiri anayezitamani pande za Kinondo hawezi kusema kwa haki kwetu. Akiwa mkweli atasema kwao, na kwao hudai jibu la swali: kwa akina nani? Ndipo picha ya mchanga na mawimbi hulazimika kupokea watu, yaani mama aliyemwuzia viazi vya karai, mzee aliyemfunga kaniki, watoto waliomcheka alipojaribu Kidigo. Methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe hueleza njia halali ya kusogea kutoka kwao kuelekea kwetu. Njia hiyo ni jembe, yaani kushiriki kazi na mashaka ya wenyeji.

Pana njia nyingine, nayo ni kuruka kutoka kwao hadi kwangu. Historia ya ufuo wa Diani inaionyesha. Tangu miaka ya 1970 hoteli kubwa zilijengwa mfululizo, na viwanja vya pwani vikawa mali ya watu wengi wasio wenyeji. Si wote waliokuja kwa tamaa. Wapo waliopapenda kweli. Lakini mapenzi ya mahali yasiyowataja wenye mahali hugeuka haraka kuwa ukuta na lango, na mvuvi akatafuta njia ya kufikia bahari aliyoizoea. Katika hali hiyo hamu ya imeshinda hamu na.

Mfano wa kinyume unatoka Zanzibar. Sayyida Salme, aliyezaliwa huko mwaka 1844 na kuondoka mwaka 1866, alirudi kwa ziara mwaka 1885. Nduguye, Sultani Barghash, hakupatana naye. Alikuta kwao pamekuwa ugenini, naye ni mpita njia mahali alipozaliwa. Mwaka uliofuata alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kisa chake kinathibitisha kwamba kwetu haitegemei udongo peke yake. Watu wakikataa kuitikia, hata mzawa hubaki na kule tu.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili hakihitaji kuazima neno ili kitaje hamu ya mahali pa ugenini. Kinachohitajika ni kutumia kwa uangalifu kile kilichomo: hamu ya na hamu na, -pa-, -ku- na -m-, kwetu, kwao na kwangu. Mfasiri anayekutana na istilahi ya kigeni ya uwanja huu asitafute jina moja la kuitoshea kila mahali. Aulize kwanza anayetamani ni nani, anapatamani wapi, na pa nani.

Kwa walimu, ngeli ya mahali inaweza kufundishwa kwa kumwagiza mwanafunzi aandike aya tatu kuhusu mahali alipowahi kuzuru, moja kwa PA, moja kwa KU na moja kwa MU, kisha aeleze kilichobadilika. Kwa watafiti, kumbukumbu za safari zinangoja kusomwa kwa jicho hilo, kuanzia Safari za Wasuaheli, masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, hadi Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi (2013).

Usiache mbachao kwa msala upitao, wasema wahenga. Anayezitamani pande za Kinondo hajaacha mbachao. Amekalia msala wa wenyewe, akakirimiwa, akaondoka. Adabu inayombakia ni kukumbuka ulikuwa wa nani.